Gunia tatu za mahindi na tanuri la mkaa

Nilianza kuchoma mkaa mwaka aliofariki mume wangu, nikiwa na watoto wanne na ekari mbili huku Sikonge, mkoani Tabora. Tumbaku sikuithubutu. Pembejeo unakopeshwa, ukiuza deni linakatwa kwanza, na bani, banda la kukaushia tumbaku, linameza kuni usiku na mchana mpaka majani yakauke. Mkaa hauna mkopo. Shoka, koleo, na mgongo wako.

Njaa yetu ina miezi yake, Desemba hadi Februari: ya ghalani yamekwisha, ya shambani bado mabichi. Hapo ndipo miti inapoanguka. Nilikata miti ya mitundu, nikapanga magogo, nikafunika kwa majani na udongo, kisha nikalala palepale nikiangalia moshi. Ukiwa mweupe mzito, ni maji yanatoka kwenye mti. Ukiwa mwembamba wa kibluu, ziba matundu upesi, la sivyo utafukua majivu. Mara mbili nilifukua majivu.

Kaya yetu ikaingia kwenye mpango wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, wa kunusuru kaya maskini. Masharti yalikuwa watoto wahudhurie shule, wadogo wapelekwe kliniki. Ruzuku haikuwa nyingi, sitawadanganya. Kilichonivusha ni ajira za muda: tulichimba lambo la maji wakati wa kiangazi kwa shilingi 2,300 kwa siku. Zile fedha sikuzigusa. Mahindi yalipokuwa bado bei ya chini baada ya mavuno, nilinunua gunia tatu nikazihifadhi. Januari ikafika, chungu kinachemka, na shoka liko nyuma ya mlango.

Lakini kwa fedha kama hizohizo, jirani yangu alimlipa mtu wa msumeno wa mnyororo, akafungua ekari nyingine ya tumbaku. Simlaumu, naye ana watoto. Na lile lambo letu lilivuta ng'ombe kutoka kila upande, mpaka kingo zikaporomoka na nyasi za karibu nalo zikaisha.

Miche ya miti tuliyopanda nayo haikufika mbali. Tuliipanda mvua zikielekea ukingoni, iliyobaki wakamalizia mbuzi. Babu mmoja mlina asali alinikuta naimwagilia kwa kopo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama Shija. Wahangaika na mche wa kwenye mfuko, visiki vyako unavipita tu?"

Alinipeleka kwenye visiki vya mitundu niliyoikata mwenyewe. Kila kimoja kilikuwa na machipukizi kama kumi. Akaniambia niache mawili au matatu yaliyonyooka, mengine nipunguze, na moto usipite hapo. Haikunigharimu hata senti. Miaka minne baadaye yamenipita kimo.

Mizinga ya nyuki nilinunua kwa akiba ya kikundi, nikaanza na mitatu. Hata hivyo mkaa sikuuacha kwa siku moja. Mwaka juzi mwanangu alipoingia kidato cha kwanza, sare, godoro na madaftari vilinirudisha porini. Nilichoma tanuri moja, kwa magogo ya jirani aliyekuwa anafungua shamba, ambayo yangeteketezwa bure.

Sasa nina mizinga mitano. Minne ina nyuki. Wa tano nyegere, yule mnyama mwizi wa asali, ameuangusha mara mbili, na juzi nimezungushia bati kwenye shina. Jana asubuhi nilikuta bati lina alama za kucha, mzinga ungali juu.