Nilivyoiletea baridi miti yangu ya tufaha Kabale

Nilipostaafu jeshi nilirudi kwetu Kabale, Uganda, nikapanda miche 40 ya tufaha ubavuni mwa kilima: aina ya Anna nikaichanganya na aina nyingine, Dorsett Golden, kwa kuwa Anna huzaa vizuri ikipata chavua ya mwenzake. Miti ikanawiri, nami nikajisifu. Mwaka wa tatu nikavuna ndoo mbili tu. Tawi moja lilikuwa na ua, tunda bichi na tunda bivu, kama kituo cha matatu ambapo kila mtu anaondoka kwa saa yake.

Kosa halikuwa la mbolea. Asili ya tufaha ni misitu ya milima ya Tian Shan, Kazakhstan, ambako miti hupukutisha majani. Huko siku zinapofupika na baridi kuingia, mti huvuta chakula kutoka kwenye majani, huyaangusha, kisha hulala. Vitumba vikishashiba baridi, joto likirudi huamka vyote kwa pamoja. Kwetu hapa jirani na ikweta, mchana wa Juni na wa Desemba haupishani hata robo saa. Mimi usiku najifunika blanketi mbili, lakini mti hauoni dalili yoyote ya kulala. Anna haidai baridi nyingi, ndiyo maana inapandwa huku kwetu Kigezi, eneo la Kabale. Hata hivyo, majani hayaanguki yenyewe.

Basi nikayaangusha mimi. Kiangazi cha Juni, baada ya kuvuna, nilipogoa, nikafunga matawi yaliyosimama wima kwa kamba ili yainame, maana tawi la wima hupenda majani kuliko maua. Kisha nikachuma jani moja moja. Siku ya kwanza nilivuta kwa pupa, nikang'oa na vitumba. Nikajifunza kuvunja jani kwenye kikonyo, kitumba kibaki salama pale jani linapoungana na tawi.

Jirani alisimama njiani akicheka: "Afande, hii miti imekukosea nini?"

Wiki chache baadaye shamba zima lilikuwa jeupe kwa maua, na nyuki wakaja bila kualikwa. Safari hiyo nilijaza magunia. Jirani akaja jioni kuazima mkasi.

Mti mmoja niliuacha na majani yake, nilinganishe. Mpaka leo unatoa tunda hapa na pale, na wajukuu wamekataa nisiuguse: ndio pekee wenye kitu cha kula wakati mingine iko uchi.