Umeme ukikatika mzee anayumba

Jamani baba ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo, mwaka wa 4 sasa, tupo naye hapa Majengo Moshi, mchana anatembea poa tu ila umeme ukikatika usiku anayumba kama kalewa mbege na hata hajaonja. Juzi kageuka ghafla achukue kandambili, puu, yeye na ndoo ya maji chini. Daktari katuambia ndani ya kila sikio kuna vimirija 3 vyenye maji, ndo vinaupa ubongo taarifa kichwa kimegeukia wapi, sasa ubongo wake hauziunganishi vizuri hizo taarifa, macho ndo yanambeba, giza likiingia basi tena. Nikajaribu kusimama mguu mmoja nimefumba macho, we acha tu! Saivi tochi inalala chini ya mto na kugeuka anageuka kidogokidogo kama lori kichochoroni, mwenyewe anapiga honi kwa mdomo.