Kihispania changu kilikaa sawa nilipoacha kupitia Kiingereza

Mi ni dereva wa safari hapa Arusha, napeleka wageni Tarangire, Serengeti na Kreta ya Ngorongoro, na Kihispania nilikifuata kwa sababu ya hela, sio kingine. Wahispania wanakuja kwa wingi mwezi wa 8 maana ndo likizo yao kubwa, na dereva anayeongea lugha yao hakai nyumbani kusubiri simu. Nikasoma kozi ya jioni miezi 4, nikapewa cheti, nikajiona nimeiva.

Aliyenivua nguo ni tembo. Tuko Tarangire, dume kubwa limesimama ubavuni mwa gari, nikatangaza kwa sauti: "Este elefante tiene cuarenta anos." Gari zima kimya, alafu mama mmoja mtu mzima wa siti ya nyuma akaanza kucheka mpaka akavua miwani afute machozi. Kumbe miaka ni años, ile n yenye kimkia juu inasomwa ny kama ya nyama, ukiisahau inakuwa ano, yaani ile sehemu ya kutolea haja kubwa. Nilikuwa nimewaambia wageni tembo wetu anazo arobaini.

Ila hiyo ilikuwa aibu ya dakika moja tu, tatizo lenyewe lilikuwa kuchelewa. Mgeni akiuliza kitu nakigeuza kichwani kwa Kiingereza, natunga jibu kwa Kiingereza, ndo nalihamishia Kihispania, mpaka namaliza simba kashaondoka.

Masika ikaingia, mwezi wa 4 na wa 5 kazi hakuna, gari liko uani. Nikaanza kuongea nalo. Kila asubuhi nikiliosha natamka ninachofanya, lavo la rueda (naosha tairi), abro la puerta (nafungua mlango), dónde está el trapo (kitambaa kiko wapi), na maji yakikatika, ambayo ni karibu kila siku, no hay agua. Watoto wa jirani walienda kusema kwao kwamba nimechanganyikiwa.

Sa hapo nimepiga magoti kwenye tairi ndo nikashtukia kitu. Kozini tulipewa kurasa mbili za sheria za ser na estar, vile vitenzi viwili vya Kihispania vya kusema kitu ni nini au kikoje, na hazikuingia kabisa, maana mwalimu alifafanua kwa Kiingereza na Kiingereza kina is moja tu. Sisi tunavyo viwili! Simba ni mkubwa, el león es grande. Simba yupo hapa, el león está aquí. Na kuna ile -me- yetu: amelala, está dormido, amechoka, está cansado, amekufa, está muerto. Hiyo ya kufa darasani ilileta ubishi, watu wanauliza kifo si cha kudumu, mbona hakichukui es, wakati kila siku tunasema amekufa na hakuna anayeshangaa. Sio kwamba inalingana kila mahali ila ilinitosha kuacha kuogopa. Hata ule mtindo wa quiero que vengas unaolalamikiwa na kila mtu ni nataka uje tu, mwisho wa kitenzi unabadilika kwao na kwetu. Naomba msishuke garini, les pido que no bajen del coche, hii naisema hata usingizini.

Basi nikafanya sheria, neno likinikwama natafuta njia kwa Kiswahili, sikanyagi Kiingereza. Ukienda hivyo unakutana na ndugu wengi, azúcar na sukari, hasta na hata, hayo yamepita kwa Waarabu, jabón na sabuni yana babu mmoja wa Kilatini, na mesa ni meza yetu tuliyoachiwa na Wareno.

Usiku najirekodi dakika 2 kwenye WhatsApp, nahadithia siku ilivyoenda, nimekula nini, nani ananidai, kesho yake nikiwa kwenye daladala najisikiliza kwa earphone. Inauma ila makosa unayasikia mwenyewe. Simu nayo nikaiweka Kihispania, faida ya ziada mke wangu akaacha kuipekua. Kusikiliza mpira kwa Kihispania mi haikunisaidia, wale watangazaji wanaenda kasi kuliko watu wa mnada.

Mwezi wa 8 nikapewa familia yenye mtoto wa kama miaka 7. Mtu mzima akiona umekwama anakuhurumia anahamia Kiingereza, mtoto hana huo msaada, yeye ni ¿por qué?, kwa nini, tu toka getini mpaka kambini. Siku ya pili tumesimama kwa simba aliyejilaza chali, akauliza mbona analala sana, nikamjibu huku natafuta darubini chini ya siti, "porque está cansado, anoche comió mucho", kwa sababu amechoka, jana usiku alikula sana. Akaridhika akageukia dirishani. Mi ndo nikabaki nimeishika darubini, maana sikumbuki kuitunga hiyo sentensi.

Kilichobaki ni r. Nimekulia Kanda ya Ziwa, r na l tunazigonganisha toka utotoni, na Kihispania kina pelo nywele, pero lakini, perro mbwa. Nafanya mazoezi kila nikiosha gari na bado. Msimu uliopita tukabahatika kuona mbwa mwitu, perro salvaje, wageni wote wamenigeukia wanasubiri jina. Nikasema licaón, nalo ni jina lake halali, nikawasha gari.