Jina la mtumiaji ni lipi, la kitambulisho au la mtaani?

Swali hilo niliulizwa sokoni Kongowea, Mombasa, mwezi wa Ramadhani, na mama mmoja anayeuza ndimu na pilipili kwa jumla. Nilikuwa nimempa simu yangu ajisajili kwenye programu ya oda ninayowatengenezea yeye na wenzake. Akakwama kisanduku cha kwanza. "Mwanangu, hili jina la mtumiaji ni lipi? La kitambulisho au la mtaani?"

Sikuwa na jibu. Programu naiandika kwa Django, zana ya Python ya kutengenezea tovuti, na modeli yake ya mtumiaji, yaani maelezo ya taarifa zipi za mtu zinahifadhiwa, nilikuwa nimeiacha vile ilivyokuja: username, nywila, barua pepe pembeni. Pale sokoni mwenye barua pepe ni mtoto aliyeko chuo. Mama mwenyewe ana namba ya simu, ile ile anayolipwa nayo kwa M-Pesa, imeandikwa kwa rangi kwenye mbao za kibanda.

Usiku, baada ya futari, nikaandika modeli yangu. Nilirithi AbstractBaseUser na PermissionsMixin, misingi ya Django ya nywila na ya ruhusa, nikaweka simu kuwa ya kipekee, nikaandika USERNAME_FIELD = "simu" ili mtu aingie kwa namba, nikaitaja modeli kwenye mpangilio wa AUTH_USER_MODEL. Nikaendesha migrate, amri inayopeleka mabadiliko ya modeli kwenye hifadhidata. Ikagoma: InconsistentMigrationHistory, yaani historia ya mabadiliko haipatani. Jedwali la admin, ukurasa wa usimamizi wa Django, linaloweka kumbukumbu lilikwisha kufungwa kwenye jedwali la watumiaji la zamani. Nyaraka za Django nilizosoma zilishauri waziwazi uanze mradi mpya na modeli yako mwenyewe, hata kama kwa sasa haina tofauti na ile ya kawaida. Niliyasoma hayo nikayapita. Bahati yangu walikuwemo watu kumi na mmoja tu wa majaribio, nikafuta hifadhidata yote nikaanza upya.

Kosa la pili ni la aibu. Watu wanajisajili vizuri, lakini wakitaka kuingia wanakataliwa. Nikafungua jedwali, nikaona nywila ya mtu imekaa uchi, herufi kwa herufi. Serializa yangu, kipande kinachopokea data ya fomu na kuihifadhi, ilikuwa inatumia create ya kawaida, haipiti kwenye set_password inayoisaga nywila isisomeke, kwa hiyo hakuna kilichofichwa. Django ikilinganisha inatarajia nywila iliyosagwa, haioni, inakataa. Dawa ni kuita create_user ndani ya serializa, na nywila iwe write_only ili API, mlango ambao programu ya simu huzungumzia na seva, isije ikairudisha kwenye jibu. Tokeni, vile vibali anavyopewa mtu akishaingia, hazikunisumbua: maktaba ya Simple JWT inayozitoa inaisoma USERNAME_FIELD yenyewe, ikaanza kudai "simu" bila mimi kugusa kitu.

Kilichonila siku mbili ni namba. Huyu anaandika 07, yule 254, mwingine +254 na nafasi katikati. Kwa hifadhidata hao ni watu watatu, na yule mama wa ndimu alikuwa amejisajili mara mbili bila kujua. Kusafisha namba wakati wa usajili hakutoshi, maana kesho ataingia kwa kuiandika vingine. Nikaisafisha pia ndani ya get_by_natural_key ya meneja, sehemu ya modeli inayotafuta watu kwenye hifadhidata, kwa sababu hapo ndipo Django humtafuta mtu anapoingia. Usisahau 01, si kila namba ya Kenya inaanza na 07.

Na tafadhali, simu isiwe ufunguo mkuu wa jedwali, yaani alama ya kudumu ya kumtambua mtu. Laini isipotumika muda mrefu kampuni humpa mtu mwingine. Oda zangu zimefungwa kwenye id, namba ambayo hifadhidata yenyewe humpa kila mtu, simu ni sifa tu inayoweza kubadilishwa.

Jumamosi nikarudi Kongowea. Mama akaandika namba, akaandika nywila, akaingia. Akatazama orodha ya oda, akaridhika, akanifungia ndimu kwenye gazeti. Kisha akauliza: "Na nikienda taraweh, binti yangu akae hapa aingie kwa namba hii hii, si sawa?"

Nimefungua tena faili la modeli.