Nimerudi Mji wa Kale, watu siwajui

Siku ya tatu tangu nirudi Mombasa, mwanamke alinidaka Marikiti, akanikumbatia, akaanza kulia. Macho tu nayaona, na sauti imemezwa na kitambaa na kelele za mikokoteni. "We! Umenisahau?" Nikasema, "La, nikusahau vipi," uongo mtupu. Ikabidi ajibanze ukutani, ainue nikabu kidogo, ndipo nikaliona pengo la jino la mbele. Tulikaa dawati moja miaka sita!

Tangu hapo ni lawama juu ya lawama. Ati nimekuwa mzungu, sisalimu. Mamangu mdogo hanisemeshi mpaka leo naandika, kwa sababu nilimpita mtaa wa Kuze kavukavu, bega kwa bega. Nitajuaje, jamani? Sasa nimejifunza kutazama miguu: viatu na hina. Mkija kurudi na nyinyi, salimuni kila buibui mnalokutana nalo, hata la mgeni. Ni rahisi kuliko kuomba radhi.

Mwalikumbuka buibui la nyanya zetu, lile la kufunga kamba kichwani? Nyanya alikuwa akitoka sokoni mikono yote ina vikapu, basi pindo hulibana kwa meno, na maneno bado yanamtoka. Akitokea mwanamume, pindo juu hadi machoni. Akishapita, uso huo nje tena, na mazungumzo yanaendelea. Ulijisitiri kwa kupimia mtu na mtu. Nikabu hii ya kufungwa kisogoni haimpimii yeyote. Hata mimi mwanamke mwenzio umenifungia mlango.

Barazani mjadala ni huu huu kila jioni. Wazee wanasema ndiyo mila yetu tangu jadi. Vijana wanataka ipigwe marufuku: ooh, Chad waliipiga 2015 baada ya mabomu N'Djamena, ooh, mmewasahau wale wanawake watatu waliovamia polisi hapa Mombasa Septemba 2016? Wote wananichosha. Jadi ipi? Buibui lenyewe lilienea pwani hii mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla yake bibi wa kiungwana Lamu alitembea ndani ya shiraa, kitambaa kama hema kilichobebwa na watumwa, na hao watumwa nyuso wazi. Kufunikwa kulikuwa cheo. Utumwa ulipokomeshwa rasmi huku kwetu 1907, waliokuwa watumwa na wao wakaja kuvaa buibui, na nani angewalaumu?

Na nyinyi wa marufuku, niulizeni mimi niliyekaa Marseille, Ufaransa. Jirani yangu pale, mama wa Kialjeria, alivaa nikabu. Sheria ya kukataza kuficha uso ilipoanza Aprili 2011, faini hadi euro 150, hakuivua. Aliacha kutoka. Mkate ukawa unanunuliwa na mumewe. Mtoto wake ndiye aliyeniambia mama anaumwa na miguu.

Halafu 2020 ikaja corona. Kwenye basi, uso wazi faini euro 135! Na ile ya 150 ya kuuficha haikufutwa. Nilicheka peke yangu ndani ya barakoa. Na neno lenyewe hilo: barakoa, walichovaa usoni mabibi wa Kiomani kule Unguja, mwaka ule ndicho kilichofunika Ufaransa nzima.

Ijumaa iliyopita nikaazima nikabu ya dada yangu. Nilitaka tu kufika dukani bila ya kuulizwa nimeleta nini na mume yuko wapi. Kweli, hakuna aliyenisimamisha. Raha! Nikasimama kununua mabuyu, na mbele yangu wanawake wawili wananiongea mimi, kwa jina. Nimerudi mikono mitupu. Huko nilikuwa nikisugua vyoo. Mamangu alikufa akinisubiri simu.

Mmoja wao alikuwa na lile pengo la jino. Nililijua kwa sauti, safari hii. Muuzaji akaniuliza ya shilingi ngapi. Nikamwonyesha kwa vidole, maana nikifungua kinywa watanijua.