Maji yamo humo humo

Jumapili, Septemba. Bayonne, nchi ya Wabaski, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Mvua tangu alfajiri.

Leo nimepika kuku wa Kibaski peke yangu kwa mara ya kwanza. Wafaransa humwita poulet basquaise: kuku, pilipili hoho, nyanya, vitunguu, basi. Ukimsimulia mtu wa Tanga atakwambia huyo ni kuku wa kuunga tu, mbona tunampika kila wiki. Hata mimi nilidhani hivyo. Kumbe tofauti yote iko kwenye maji.

Kwetu vitunguu na nyanya zikianza kushika chini ya sufuria, unamimina kikombe cha maji, unakoroga, mchuzi umepatikana. Mkono wangu hufanya hivyo bila kuniuliza. Siku ya kwanza Amatxi aliudaka mkono huo kikombe kikiwa bado hewani. "Maji yamo humo humo," akasema, akafunika sufuria. Amatxi ni jirani yangu wa ghorofa ya chini, ndiye aliyenifundisha chakula hiki. Neno lenyewe ni "bibi" kwa Kibaski cha huku Ufaransa, na ni yeye aliyetaka nimwite hivyo. Mimi nikamfundisha shikamoo. Huitikia "marahaba" kwa r nzito ya kwao, na hajaisahau hata siku moja.

Tangu Julai yuko kwenye nyumba ya wazee, ng'ambo ya mto Adour. Alianguka, nyonga ikavunjika, na ngazi za jengo letu hataziweza tena. Wiki iliyopita aliniagiza jambo moja tu: pilipili zimejaa sokoni sasa, nisiache msimu upite.

Basi jana asubuhi nikashuka kwenye soko lenye paa kando ya mto Nive. Wakati huu meza zimejaa pilipili za kijani ndefu, nyembamba, zimejipindapinda, tamu kabisa, hazina ukali. Pilipili hoho nene zile za siku zote zinafaa pia, lakini ngozi yake hubaki mdomoni. Hizi ndefu zinalainika mpaka huwezi kuzitenga na kitunguu. Nikachukua na kichupa cha pilipili ya Espelette, ya kusagwa. Kijiji chenyewe kiko kilomita kama 20 kutoka hapa. Wakishavuna huzitunga kwenye uzi na kuzining'iniza kwenye kuta za nyumba zikauke, ukuta mweupe, pilipili nyekundu tangu dirishani hadi mlangoni. Tangu mwaka 2000 jina hilo linalindwa kisheria, na wanaoruhusiwa kulitumia ni wakulima wa vijiji 10 tu. Usiifananishe na pilipili mbuzi. Hii inapasha ulimi joto tu, na harufu yake iko karibu na tunda lililokaushwa kuliko pilipili.

Kwenye kuku sikubali mzaha. Kuku wa kiwandani huchinjwa akiwa na wiki tano au sita, na ndani ya sufuria iliyofunikwa saa nzima anavunjika nyuzinyuzi kabla pilipili hazijatoa utamu wake. Kuku wa shamba wenye Label Rouge, alama ya ubora ya Ufaransa, kama wale wa mkoa wa Landes hapa jirani, hawaruhusiwi kuchinjwa kabla ya siku 81. Muuza nyama wa halali ninayenunua kwake huletewa kuku wa shamba kila Jumamosi. Ndio kienyeji wa huku, mfupa mgumu, mafuta ya manjano.

Wengi hapa huweka vipande vya nguruwe wa kukaushwa kwa chumvi, maana ndiye anayeutangaza mji huu, na wengine glasi ya divai nyeupe. Mimi siweki vyote viwili, na Amatxi hakuniona mkosefu hata kidogo. Alikaa akafikiri, kisha akaniambia: kuku mpake chumvi tangu usiku, na mwisho tia kijiko cha siki. Usiku ukaipa chumvi muda wa kuingia mpaka mfupani, siki ikaamsha nyanya.

Asubuhi hii nilikausha vipande kwa kitambaa, nikavilaza kwenye mafuta ya zeituni, ngozi chini. Hapo usiguse. Mwanzoni ngozi inang'ang'ania chuma, ukiivuta inachanika. Ukisubiri, inajiachia yenyewe, imekuwa rangi ya karanga, na mlio wa mafuta umepungua. Nikavitoa, nikatia vitunguu na pilipili kwenye mafuta yale yale, kitunguu saumu, halafu kilo ya nyanya zilizomenywa. Nikarudisha kuku, moto mdogo, kifuniko.

Basi la kuvuka mto lilikuwa la saa sita kasorobo. Saa tano nikafunua. Nyanya zilikuwa bado na vipande, pembeni pameanza kushika, na mimi nina nusu saa na ushee. Nikamimina maji. Nusu kikombe.

Nilimkuta dirishani, shali mabegani. Nikampa shikamoo yake. Nilipofungua hotpoti chumba kizima kilibadilika harufu, akafumba macho. Nilimpakulia na wali mweupe, maana ndivyo watu wengi hapa wanavyomla, na kwa hilo nilijiona nyumbani tangu mwanzo. (Wali wa nazi nilishajaribu. Nazi inaifunika pilipili, sitarudia.) Akachota rojo peke yake kwa ncha ya kijiko, akaiweka ulimini muda mrefu.

"Maji," akasema.

"Nusu kikombe, Amatxi. Niliogopa basi."

Akatikisa kichwa taratibu, akala. Paja lote, na mkate akafutia sahani mpaka ikang'aa. Mwanamke anayesusa chakula cha hapo siku tatu kwa wiki. Halafu akanishika kiganja, akaniuliza vitunguu nilivikata unene gani.

Nimerudi saa kumi na mbili, nguo zimelowa. Vilibaki vipande viwili na rojo nyingi, nyepesi kama alivyosema. Nimeirudisha jikoni, moto ule mdogo kabisa, safari hii bila kifuniko, nikavuta kiti nikakaa karibu. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea, ni mvuke tu. Sasa ni saa tatu na nusu usiku na mafuta yamepanda, mekundu, yamejitenga pembeni. Nimeonja kwa ncha ya kijiko. Kesho nikitoka kazini nampelekea hii.