Mechi tano siku sita: Sewanee ya 1899

Msimu wetu wa mwisho chuoni mimi uliniishia Jumapili moja Nairobi. Tulipanda basi Mwembe Tayari, Mombasa, Ijumaa usiku, asubuhi tukafika macho mekundu, mchana tukacheza tukashinda, Jumapili tukaingia tena uwanjani na dakika ya ishirini paja langu la kulia likakaza kama ubao. Mpaka leo nakumbuka beki wetu amenishika kisigino anaukunja ule mguu huku aniambia vuta pumzi, vuta pumzi. Na hizo ni mechi mbili tu.

Ndo maana nilipoisoma habari ya Sewanee usingizi ukanikataa. Ni chuo kidogo kiko mlimani huko Tennessee, Marekani, jina lake rasmi University of the South, na mwaka 1899 timu yao ya futiboli (ile ya Kimarekani, ya kushika na mikono, iko karibu na ragbi) ilicheza mechi tano ndani ya siku sita, zote ugenini, wakashinda zote na wasifungwe hata pointi moja wallahi. Safari yenyewe ni treni, kama kilomita 4,000 kwenda na kurudi. Mwaka huohuo, mwezi wa Mei, reli iliyoanzia hapa kwetu ndo kwanza ilikuwa imefika Nairobi.

Alhamisi Novemba 9 wako Austin, chuo cha Texas kikapigwa 12-0. Kesho yake Houston, Texas A&M 10-0, Jumamosi New Orleans wakaipiga Tulane 23-0. Jumapili hawakucheza. Jumatatu Baton Rouge LSU (chuo cha Louisiana) wakapigwa 34-0, Jumanne Memphis, Ole Miss (chuo cha Mississippi) 12-0. Mimi hiyo ya Jumatatu ndo imenishika, yaani siku moja tu ya kulaza miguu na pointi zikapanda mpaka 34, halafu bila kupumzika tena zikashuka. Yeyote aliyewahi kucheza na mwili umechoka anaisoma hiyo bila kuelezwa.

Na sheria za wakati ule zilikuwa ngumu, ukitolewa ndo basi hurudi tena, helmeti si lazima, kurusha mpira mbele ni marufuku mpaka 1906 kwa hivyo ni kusukumana vifua mwanzo mwisho.

Aliyeipanga safari ni meneja wao Luke Lea, mwanafunzi tu, ambaye baadaye alikuja kuwa seneta. Walikuwa wamekosana na chuo cha Vanderbilt juu ya pesa za getini, mechi ikavunjika, sasa pesa zitoke wapi, akaamua timu izunguke. Wakabeba mpaka mapipa ya maji ya chemchemi ya kwao, ili vijana wasiharibikiwe na matumbo njiani. Mtu wa Mombasa aliyezoea kununua maji kwa mkokoteni hapo humwambii kitu.

Msimu mzima walimaliza 12 kwa 12, pointi 322 kwa 10. Hizo 10 zote ni za chuo cha Auburn, timu iliyokuwa chini ya kocha John Heisman, na Sewanee walipona kwa 11-10. Lakini walipokuja kuingia ligi kubwa ya vyuo, SEC, miaka ya 1930 hawakushinda mechi hata moja ya ligi, 1940 wakatoka. Hiyo iliniuma kama timu yangu.

Jana jioni nikamhadithia mjombangu hapa barazani, yeye amefanya kazi reli maisha yake yote. Akakiweka kikombe cha kahawa chini.

"Na walala wapi hawa?"

"Mulemule kwenye treni mjomba, walikuwa na behewa lao la kulala."

"Hebu nisomee tena hiyo miji."

Nikasoma, Austin, Houston, New Orleans, yeye ahesabu na vidole. Nilipofika Baton Rouge akanisimamisha.

"Hapa ndo Jumatatu?"

"Ndo Jumatatu, mjomba."